Mmea nao huugua joto: Kwa nini mtama huponea pale mahindi yanaposhindwa

Mwishoni mwa Januari mama mmoja wa makamo kutoka upande wa Karungu, kaunti ya Migori, aliingia kliniki akiwa na vitu viwili ndani ya kikapu. Cha kwanza kilikuwa chupa ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, ambayo ilipaswa kuwa tupu lakini ilikuwa imejaa hadi nusu. Cha pili kilikuwa hindi moja kavu. Nililimenya mwenyewe pale mezani. Punje zilikuwa kumi na mbili. Kwingine kote lilikuwa gunzi jeupe.

"Daktari, nikimeza dawa hizi tumbo likiwa tupu kichwa kinazunguka," akasema. "Na hiki ndicho chakula nilichovuna."

Nilimweleza nielezavyo wagonjwa wote: dawa wanazopewa wengi siku hizi zaweza kumezwa hata bila chakula, na kuziacha ni kuvipa virusi nafasi ya kuzoea dawa. Alinisikiliza kwa heshima, lakini niliona haamini kwamba mtu aliyeshiba anaweza kumwambia hivyo mwenye njaa. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Jirani yake alikuwa amepanda mtama, ule uitwao bel kwa Kijaluo, ng'ambo ya ua. Mvua iliwanyima wote wawili na jua lilikuwa lile lile. Mbona jirani amejaza gunia tatu na yeye hana kitu?

Mimi nilisomea miili ya binadamu, sikusomea mtama. Lakini swali hilo lilinisumbua, na nilipoanza kutafuta jibu niligundua kwamba halikuwa mbali na yale niliyofunzwa chuoni. Seli ya mmea na seli ya mwanadamu hupambana na joto kwa njia zinazofanana mno. Na kwa daktari anayefanya kazi Migori na Homa Bay, ambako ukimwi, malaria na utapiamlo hukaa nyumba moja, suala la mmea upi utastahimili joto ni suala la afya kamwe si la mkulima peke yake.

JOTO HUFANYA NINI NDANI YA SELI

Mwili wako, msomaji, hujitahidi kubaki kwenye nyuzi 37 za Sentigredi usiku na mchana. Ukipanda hadi 40 tunasema una homa kali. Ukipita 42 maisha yamo hatarini. Mmea hauna bahati hiyo ya kuwa na kipimo chake wa ndani. Jani hufuata joto la hewa, na juani huweza hata kulipita.

Njia kuu ya jani ya kujipoza ni sawa na jasho. Chini ya jani kuna vitundu vidogo sana viitwavyo stomata, na maji yanayovukizwa hapo huondoka na joto. Udongo ukiwa na maji, jani laweza kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Lakini udongo ukikauka, mmea hufunga vitundu hivyo ili usife kwa kiu, na hapo ndipo balaa huanza. Jani lililofunga vitundu vyake saa saba mchana huko Nyatike au Ndhiwa, hewa ikiwa nyuzi 33 au 34, linaweza kukaribia 40. Mmea umelazimika kuchagua kati ya kiu na homa.

Ndani ya jani hilo kuna nini kinachoharibika? Kwanza ni protini. Wengi wetu tukisikia protini tunafikiria nyama, maharagwe na omena. Hiyo ni protini ya sahani. Ndani ya seli, protini ndizo wafanyakazi: moja hukata sukari, nyingine hujenga ukuta, nyingine husafirisha chumvi. Kila protini ni mnyororo mrefu uliokunjwa kwa umbo maalum, na kazi yake hutegemea umbo hilo kama vile ufunguo unavyotegemea meno yake. Joto hulegeza mikunjo. Mnyororo ukishafunguka, sehemu zinazopaswa kufichwa ndani hujitokeza nje na kushikamana na protini nyingine zilizofunguka, hadi yote yanakuwa donge. Umeliona jambo hili jikoni kwako kila ute wa yai unapogeuka mweupe ndani ya maji ya moto. Na hakuna mpishi aliyewahi kulirudisha yai hilo likawa bichi.

Pili ni utando unaoizunguka seli na vyumba vyake. Utando huo umejengwa kwa mafuta. Linganisha mafuta ya maji ya kupikia na yale ya kuganda yanayouzwa kwa mkebe: asubuhi ya baridi moja humiminika na jingine ni gumu, lakini weka yote juani na hata lile gumu hulainika. Utando ukilainika kupita kiasi huanza kuvuja, na seli inayovuja haina maisha marefu.

Tatu ni kiwanda cha chakula chenyewe, yaani vile vijumba vya kijani viitwavyo kloroplasti. Humo mna kimeng'enya kidogo ambacho kazi yake ni kukiamsha kile kikubwa kinachonasa hewa ya kaboni. Mwamshaji huyo ni dhaifu sana mbele ya joto. Akishalegea, kiwanda kizima hupunguza kazi hata kama jua ni tele. Ndiyo maana shamba laweza kuwa la kijani machoni pako na bado mimea iwe inalala njaa.

WALEZI WA PROTINI

Habari ya jinsi seli inavyojitetea ilianza kwa bahati mbaya ndani ya maabara, na haikuanzia kwenye mmea bali kwa nzi wadogo wanaozunguka matunda yaliyoiva. Mwanasayansi Mwitaliano Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza seli za nzi hao wakati mwenzake alipopandisha joto la kabati la kuwahifadhia bila kukusudia. Ritossa alipotazama kwenye hadubini aliona sehemu fulani za kromosomu zimevimba, dalili kwamba jeni za pale zilikuwa zimeamshwa ghafla. Aliyachapisha hayo mwaka wa 1962, baada ya jarida moja kuyakataa kwa hoja kwamba hayakuwa na umuhimu wowote. Protini zinazotokana na jeni hizo zilitambuliwa mwaka wa 1974, na baadaye zikapatikana karibu katika kila kiumbe kilichochunguzwa: bakteria, hamira, mahindi, ng'ombe na wewe msomaji.

Zinaitwa protini za mshtuko wa joto. Mimi napenda kuziita walezi, kwa sababu hazijengi kitu chao wenyewe bali huwashika wengine wasianguke. Zina ukubwa tofauti na kila moja ina zamu yake. Zile ndogo hufika kwanza na kuishika protini iliyoanza kufunguka kabla haijashikamana na nyenzake. Nyingine, ile ya namba 70, huusaidia mnyororo kujikunja upya sawasawa. Na ipo moja kubwa, ya namba 101, ambayo kazi yake ni ya ajabu: huliendea donge lililokwisha kuganda, huvuta mnyororo mmoja mmoja na kuupitisha katika tundu lililo katikati yake hadi unatoka upande wa pili ukiwa umenyooka, tayari kukunjwa tena. Yaani seli ya mmea hufanya lile ambalo nimekwambia mpishi hawezi. Seli zetu sisi zina namba 70, lakini hiyo 101 hatunayo.

Seli hujuaje kwamba joto limepanda? Haina kipimajoto, lakini ina hila nzuri. Kuna protini moja ya kuamrisha, ambayo kazi yake ni kuziamsha jeni za walezi. Siku za kawaida walezi wenyewe huwa wameishikilia isifanye lolote. Joto likija na protini zikaanza kufunguka kila pembe, walezi huacha kuishikilia wakakimbilia majeruhi. Yule mwamrishaji aliyeachwa huru huungana na wenzake watatu watatu, huingia kwenye kiini cha seli, na kuamrisha walezi zaidi watengenezwe. Kazi ikiisha na majeruhi wakapona, walezi waliobaki bila shughuli humshika tena mwamrishaji, na amri hukoma. Ni kama kijiji ambacho nyamrerwa wake wakiitwa wote kwa wagonjwa kwa siku moja, mlango ubaki wazi na kila mtu ajue kuna maradhi.

Haya yote hutokea ndani ya dakika chache. Lakini yana gharama. Seli inayotengeneza walezi huacha karibu kazi nyingine zote, ikiwemo ile ya kukua. Mimea iliyokaa kwenye joto muda mrefu ni mifupi hata kama haikufa.

Nikiri jambo moja hapa. Mfumo huu huu wa kujikinga ndio unaomsaidia adui yetu mkubwa kando ya Ziwa. Kimelea cha malaria hutoka ndani ya mbu, ambaye joto lake ni la hewa, na kuingia kwa mtu mwenye nyuzi 37, kisha mtu huyo hushikwa na homa ya 40. Kimelea kingekufa kama hakingekuwa na walezi wake wa joto, nacho kinao wengi. Homa unayoteseka nayo kimelea kimejifunza kuivumilia.

KUZOEZWA HUTANGULIA KUSTAHIMILI

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Mimea ina ustahimilivu wa aina mbili. Upo ule wa kuzaliwa nao, na upo ule wa kuupata baada ya kuonjeshwa joto kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia nchini Marekani waliotesha miche ya soya kwenye nyuzi 28. Walipoichukua miche hiyo na kuitia moja kwa moja katika nyuzi 45 kwa saa mbili, ilikufa. Kisha wakachukua miche mingine ya mbegu ile ile, wakaitia kwanza katika nyuzi 40 kwa saa mbili, ndipo wakaipeleka kwenye 45. Hiyo iliishi. Katika zile saa mbili za joto la wastani, seli zilikuwa zimejaza walezi ghalani zikingoja vita. Mwaka wa 2000 ikathibitishwa kwamba mmea mdogo uitwao Arabidopsis, wa jamii ya kabichi, ukinyimwa yule mlezi mkubwa wa namba 101 hukua vizuri kabisa kwenye ubaridi, lakini hauwezi tena kuzoezwa. Unaonjeshwa joto na bado unakufa likija kali.

Utando nao hujirekebisha, ingawa polepole zaidi, kwa kubadilisha aina ya mafuta yake yawe yale magumu zaidi. Watafiti wa Japani walionyesha hilo mwaka huo huo wa 2000 wakitumia tumbaku, zao ambalo ndugu zetu wa Kuria wanalijua vyema. Waliibadilisha tumbaku ili kloroplasti zake zisitengeneze sana yale mafuta mepesi mno, na mimea hiyo ikakua vizuri kwenye joto ambalo liliidhoofisha tumbaku ya kawaida. Mimi si mpenzi wa tumbaku, na wagonjwa wangu wa kifua wanajua sababu, lakini lazima nikubali kwamba mara hii imetufundisha kitu.

Akina mama wenye vitalu vya sukuma wiki na nyanya kando ya mito ya Kuja na Awach wamekuwa wakifanya jambo hili bila kuhitaji maabara. Siku saba hadi kumi na nne kabla ya kuhamisha miche hupunguza maji, kisha huondoa nyasi za kivuli kidogo kidogo, kwanza asubuhi tu, halafu hadi adhuhuri, halafu siku nzima. Mche uliozoezwa hivyo huwa na jani nene na hauangushi shingo ukifika shambani. Mwaka mmoja mimi nilijifanya mjuzi nikahamisha nyanya zangu kutoka kivulini moja kwa moja, tena saa sita mchana kwa sababu ndiyo saa niliyokuwa na nafasi. Siku ya pili jioni hapakuwa na hata mche mmoja uliosimama. Mlinzi wa nyumbani kwangu alizitazama, akanitazama mimi, na kwa adabu hakusema neno.

Lakini kumbukumbu hiyo haidumu. Mmea uliozoezwa hukaa na kinga yake kwa siku chache tu, na ubaridi ukirudi walezi huvunjwa na kutumiwa kwa mambo mengine. Hatari kubwa basi ni joto linalokuja ghafla baada ya wiki ya mawingu. Binadamu yu vivyo hivyo: mwili huhitaji kama wiki moja hadi mbili kuzoea kazi nzito juani, na ukikaa ofisini mwezi mzima mazoea hayo hupotea. Kijana anayetoka Nairobi akaja kuvuna miwa Awendo siku ya kwanza kwa kasi ya wenyeji, huyo nitamwona kwenye kitanda changu kabla ya jua kutua.

MAHALI PADHAIFU NI HARUSINI

Sasa naweza kumjibu yule mama kuhusu zile punje kumi na mbili.

Majani ya mahindi si dhaifu sana. Mahindi, kama mtama na miwa, yana njia ya pekee ya kunasa hewa ya kaboni ambayo hufanya kazi vizuri kwenye joto. Udhaifu wao uko kwenye uzazi. Ua la kiume liko juu kabisa ya mmea, wazi kwa jua, na chavua yake lazima isafiri hewani hadi kwenye nywele za hindi changa chini. Kila unywele ni njia ya punje moja. Unywele usiopata chavua hai huacha nafasi tupu kwenye gunzi.

Na chavua ndiyo seli maskini kuliko zote za mmea. Imebeba maji kidogo, haina akiba, na chavua ya mahindi iliyokomaa haiwezi kutengeneza walezi wa joto ipasavyo. Jani lililo karibu yake hujikinga, lakini yenyewe hukaa uchi. Kwenye nyuzi 35 na zaidi, hasa hewa ikiwa kavu, hufa upesi. Juu ya hayo, mmea wenye kiu huchelewesha kutoa nywele. Chavua humwagika leo na nywele hutokea baada ya siku kadhaa, bwana harusi ameshaondoka. Mama yule alichelewa kupanda kwa kungoja mvua za vuli, na mahindi yake yakatoa maua katika jua la mwisho wa Desemba.

Hasara hii imepimwa. Mwaka wa 2011 yalichapishwa matokeo ya majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi yaliyofanywa barani Afrika kati ya 1999 na 2007. Kila siku moja ambayo joto lilizidi nyuzi 30 kwa nyuzi moja ilipunguza mavuno kwa asilimia 1 hata mvua ikiwa ya kutosha, na kwa asilimia 1.7 palipokuwa na ukame. Hesabu siku za namna hiyo kati ya Kendu Bay na Muhuru katika msimu mmoja, utaelewa kwa nini magunia yanapungua.

Maharagwe ni dhaifu zaidi, na adui wao ni usiku. Joto la usiku likipita nyuzi 20 hivi, chavua huharibika na maua hudondoka. Ndiyo sababu maharagwe ya kawaida hustawi Kisii na kusuasua ukishuka ziwani. Mwaka wa 2015 kituo cha kimataifa cha kilimo cha kitropiki, CIAT, kilitangaza aina 30 za maharagwe yanayostahimili joto, nyingi zikiwa zimepatikana kwa kuyazalisha na maharagwe ya tepari ya majangwani huko Mexico na kusini-magharibi mwa Marekani. Anayetaka mbegu za namna hiyo amuulize ofisa wa kilimo au KALRO kabla ya kununua kwa mtu wa sokoni asiye na karatasi.

BEL, MIHOGO NA DEK

Mtama una hila nyingi. Shina na majani yake yamepakwa nta nyeupe inayorudisha mwanga na kuzuia maji yasipotee. Majani hujikunja kama mkeka. Mizizi yake huzama chini, na ukame ukizidi mmea husimama kukua, ukangoja, kisha ukaendelea mvua ikirudi. Lakini kwa yule mama jibu kubwa liko kwenye ua. Kichwa cha mtama kina sehemu za kiume na za kike pamoja, kwa hiyo chavua haina safari. Hufunguka usiku na alfajiri, wakati wa ubaridi. Tena maua hayafunguki yote mara moja, bali huanza juu ya kichwa na kushuka kwa siku kadhaa, hivi kwamba siku moja mbaya haiwezi kuyaua yote. Hata hivyo mtama si chuma. Una kikomo chake, na ndege wa Lambwe nao wanaujua utamu wake.

Mihogo na viazi vitamu vimepita njia nyingine kabisa. Tunachokula kiko chini ya udongo, na hakuna harusi inayohitajika ili kijae. Mihogo huangusha majani yake, ikakaa kama iliyokufa, kisha ikachipua.

Na wewe unayedharau mboga za kienyeji, sikiliza hili. Dek, ambayo Waswahili huita mgagani, imo katika ukoo ulio karibu na ule wa kabichi na Arabidopsis, lakini imeipata ile njia ya mtama na mahindi ya kunasa kaboni. Wanasayansi wa nchi za mbali huikuza katika maabara zao kwa sababu hiyo. Hustawi juani pale sukuma wiki inaponyauka, na ina vitamini A na madini ya chuma kwa wingi, vitu ambavyo naviona vimepungua kila wiki kwa akina mama waja wazito wanaofika wakiwa na macho meupe.

Kwa miaka mingi tumekiita chakula hiki cha maskini. Nimewasikia hata wenzangu wa taaluma wakimwambia mgonjwa "kula vizuri" huku wakimaanisha ugali mweupe wa sima. Nafikiri tumekosea. Ila mtama nao una kasoro ambazo daktari hapaswi kuzificha. Ule mwekundu una tanini, ambazo hupunguza chuma kinachofyonzwa tumboni, na protini yake haijakamilika. Uji uliochachushwa, ile nyuka chachu ya wazee wetu, huondoa sehemu ya tatizo la kwanza. Kunde, maharagwe au omena huondoa la pili.

SUMU INAYOFUATA JOTO

Kuna jambo moja ambalo singependa ulipite haraka, hasa kama unalima njugu karanga Ndhiwa, Rangwe au Rongo. Mmea uliochoka kwa joto na kiu hushindwa kujikinga dhidi ya kuvu. Njugu hutengeneza kemikali za kuua kuvu, lakini wiki za mwisho kabla ya kuvuna zikiwa kavu, na udongo unaozunguka maganda ukifika takriban nyuzi 28 hadi 31, kinga hiyo huzimika. Kuvu waitwao Aspergillus huingia wakaacha sumu ya aflatoksini ikiwa njugu bado ziko ardhini. Mahindi yaliyoteswa na joto hupatwa vivyo hivyo, na yakihifadhiwa na unyevu sumu huongezeka ghalani.

Mwaka wa 2004 sumu hii iliyokuwa ndani ya mahindi iliwaugua watu 317 mashariki mwa nchi yetu, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Hiyo ilikuwa dozi kubwa kwa mkupuo. Dozi ndogo ya kila siku haina kelele: huharibu ini pole pole hadi saratani, na kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari huongezeka mara nyingi. Kuchemsha na kukaanga hakuimalizi.

Kwa hiyo vuna njugu mara zinapokomaa, usiziache ardhini zikingoja bei. Zianike juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Kabla ya kusaga au kukaanga, zichambue kwa mkono na utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Najua ni uchungu kutupa chakula mwaka wa njaa. Usizipe kuku wala usizitengenezee mtoto uji, kwa maana sumu hiyo hupita hata kwenye maziwa ya ng'ombe aliyeila.

Wengi wameniuliza kama mbegu za mmea ulioteswa na joto hurithi mazoea hayo. Yako majaribio yanayoonyesha dalili chache, lakini sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo hufutwa mbegu inapoumbwa. Kuchagua mbegu ni jambo jingine. Ukitoa mbegu kwenye vichwa vya mtama vilivyojaa katika mwaka mbaya, unachukua uzao wa wale waliozaliwa na ustahimilivu.

Mama wa Karungu alirudi mwezi wa Machi. Chupa ilikuwa tupu kwa tarehe yake, maana tulikuwa tumemwandikisha kwa unga wa lishe hospitalini kwa muda. Aliniambia amegawanya shamba: mtama upande wa chini unaokauka upesi, mihogo mpakani, na mahindi kidogo karibu na kisima, aina inayokomaa mapema, iliyopandwa mvua ya kwanza tu ilipogusa ardhi. Mbegu ya mtama alipewa na yule jirani. Nilimuuliza kwa nini hakuacha mahindi kabisa, akacheka. Wajukuu, alisema, hawali bel bila vita.